Kampuni Ikibisha Hodi Kijijini

Wanangu, mmeniuliza kama kampuni na kijiji vinaweza kushirikiana bila kijiji kuliwa. Vinaweza. Nimeishi nikaona vikishirikiana, nikaona pia vikivunjiana heshima, na sasa nimechoka na mabaraza yanayofunguliwa kwa ngoma na soda kisha yanawaacha ndugu wa tumbo moja hawasalimiani. Kwa hiyo sitawajibu kwa neno moja. Tulieni nami, maana jambo lenyewe ni refu, na ninyi ndio mtakaoishi nalo sisi tukishaondoka.

Kwanza tenganisheni fadhila na ushirika. Kampuni ikipaka darasa rangi, ikagawa fulana na mipira, ikapigwa picha pamoja na watoto walioshika hundi kubwa ya karatasi, hiyo ni fadhila. Ipokeeni kwa shukrani, maana mtu hatukanwi kwa kutoa. Lakini msiiite ushirika. Washirika ni watu wawili ambao kila mmoja amekuja na kitu chake mkononi, na kila mmoja anaweza kusema hapana, na hapana yake ikasikilizwa.

Najua kijiji kimoja cha pwani hii, na hoteli iliyo jirani yake ambayo sitaitaja jina. Hoteli ilichimba kisima, watu wakashangilia, viongozi wakahutubia. Miaka michache baadaye njia ya wavuvi ya kushukia ufuoni ikazibwa kwa ukuta. Wazee walipokwenda kulalamika wakaulizwa, je, si tuliwachimbia kisima? Kisima kile hakikuandikiwa mkataba, na njia ile pia haikuandikiwa mkataba, lakini kimoja kilitumika kulipia kingine bila mtu yeyote kuulizwa. Hayo ndiyo madhara ya fadhila inayovikwa kanzu ya ushirika. Bei yake hamuijui siku mnayopokea. Mnaijua siku mnayodai haki yenu.

Sisi watu wa bahari hatukuhitaji mfadhili atufundishe mgao. Chombo kikirudi kutoka uvuvini, gharama hutolewa kwanza: mafuta, barafu, chakula cha safari. Kinachobaki hukatwa mafungu. Mwenye chombo ana fungu lake, mwenye nyavu ana lake, nahodha lake, mabaharia yao. Hata kama mwenye chombo ni tajiri wa mjini ambaye maji ya chumvi hayajawahi kumlowesha, baharia hamwambii asante kwa fungu alilolitolea jasho. Na hesabu hufanywa palepale ufuoni, samaki wakionekana. Ugomvi huanza siku samaki wanapouzwa mbali na hesabu ikaletwa kwa mdomo. Basi mkataba wowote mtakaoletewa, upimeni hivyohivyo. Nani ameleta nini? Gharama zipi zinatangulia, na nani anazikagua? Mafungu ni mangapi? Hesabu inafanyiwa wapi, mbele ya nani?

Tumezoea kusema mgeni njoo, mwenyeji apone. Twendeni basi Gazi, tukaone mwenyeji alivyopona.

Gazi iko kusini mwa Mombasa, mwendo wa kilomita 50 hivi, ndani ya kaunti yetu ya Kwale. Watu wa rika langu wanakumbuka miaka ya 1970, mikoko ya ghuba ile ilipokatwa kwa wingi ikawa kuni za viwanda vya chokaa na matofali. Viwanda vilipata moto wao. Gazi ilipata uwanda mtupu wa matope, mawimbi yakazidi kula ufuo, na samaki waliokuwa wakizalia kwenye mizizi wakakosa pa kuzalia. Ule nao ulikuwa uhusiano wa biashara na kijiji. Kijiji kilitoa msitu na kikaachiwa matope, wala hakuna aliyewauliza watu wa pale jambo lolote. Serikali ilipiga marufuku kusafirisha boriti za mikoko nje ya nchi mwaka 1982, lakini marufuku hayapandi mti. Waliopanda ni watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi, KMFRI, wakiongozwa na Dkt. James Kairo, pamoja na wanakijiji, kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1990. Walitia mche baada ya mche kwenye matope, mwingine ukashika, mwingine ukafa.

Angalieni miaka. Mradi wa Mikoko Pamoja, ambao leo unatajwa duniani kote, ulianza mwaka 2013. Kati ya mche wa kwanza na pesa ya kwanza ilipita miaka 20 na zaidi. Nalisema hili kwa ajili ya vijana wanaodhani kampuni ikija Januari, bomba la maji litatiririka Machi. Kilichowapa watu wa Gazi nguvu ya kuzungumza na wanunuzi wa ng'ambo ni kwamba tayari walikuwa na kitu: msitu unaosimama, watu wanaoujua mkoko na mkandaa na mchu na muia kwa majina na tabia, na vipimo vya kitaalamu vya miaka mingi.

Sasa sikilizeni mradi huo unavyofanya kazi, maana uzuri wake uko hapo, zaidi ya tuzo uliyopata. Msitu ni wa serikali. Chama cha jamii cha msitu wa Gogoni-Gazi kiliwekeana mkataba na Shirika la Huduma za Misitu, KFS, kwa mujibu wa sheria ya misitu, jamii ikapewa haki ya kusimamia sehemu yake. Ndani ya sehemu hiyo zikatengwa hekta 117 za mikoko. Hekta hizo zikilindwa na kuongezewa miti, huzuia takriban tani 3,000 za hewa ukaa kwa mwaka zisiende angani, na sehemu kubwa ya hazina hiyo imo ndani ya tope, chini ya mizizi, mahali ambapo mtu asiyejua hudhani ni uchafu tu. Tani hizo hupimwa na kukaguliwa kwa kanuni za Plan Vivo, kisha huuzwa kwa kampuni, taasisi na watu binafsi wanaotaka kufidia moshi wao. Anayetafuta wanunuzi ni shirika la hisani lililosajiliwa Scotland, liitwalo ACES. Wanaosaidia kupima ni KMFRI na wasomi wa vyuo vya nje, kikiwemo Edinburgh Napier. Wanaolinda, wanaopanda, na wanaoamua pesa iende wapi ni watu wa vijiji viwili, Gazi na Makongeni, kupitia kamati waliyoichagua na mabaraza wanayoyaita wenyewe.

Na pesa zenyewe ni kiasi gani? Msije mkadhani ni utajiri. Miaka ya mwanzo zilikuwa dola 12,000 na ushei kwa mwaka. Vijiji vile viwili vina watu zaidi ya 5,000. Wangegawana mkononi, kila mtu angeondoka na dola mbili na kitu kidogo, zikaisha kabla ya swala ya magharibi. Hawakugawana. Walikaa, wakabishana, wakaamua maji, na maji yakavutwa hadi Gazi na Makongeni. Wakaamua skuli, vikanunuliwa vitabu na majengo yakakarabatiwa. Ningependa mlitafakari hilo la kubishana, kwa sababu ndilo ninaloliona likidharauliwa siku hizi. Vijana wananiambia baraza linapoteza wakati. Baraza lile la Gazi ndilo lililogeuza dola mbili za kila mtu kuwa maji ya wote. Hakuna mtaalamu wa Scotland wala afisa wa Nairobi ambaye angejua kwamba Makongeni wanateseka zaidi kwa maji kuliko kwa barabara. Waliojua ni wanaobeba ndoo.

Lipo jambo la pili pale Gazi ambalo wageni hawaliulizi. Ukimwambia jirani yako usikate boriti, atajenga kwa nini? Mtu ambaye babu yake alikuwa mkataji, baba yake mkataji, naye ana shoka na watoto wanaokula, utamwambia tu kwamba dunia inapata joto? Wenye mradi waliliona, wakahimiza mivinje ipandwe nchi kavu, iwe ndiyo boriti na kuni badala ya mkoko. Mvinje nao unahitaji miaka kadhaa. Katikati ya miaka hiyo kuna familia zinazobana mkanda kwa faida ya kijiji kizima. Mkipata kampuni yenu na hewa yenu, mtafuteni kwanza mtu atakayeumia. Yuko, hata kama haji kwenye kikao. Huenda ni mkata kuni, huenda ni mvuvi wa kukokota wavu mahali mnapotaka kupahifadhi, huenda ni mama mjane anayechoma chokaa. Akisahaulika yeye, atakata usiku, na nyinyi mtamwita mwizi wa kitu kilichokuwa riziki yake.

Na wako kina mama wa Gazi waliojenga njia ya mbao katikati ya mikoko, mgeni anapita juu ya maji akionyeshwa miti, analipa kiingilio, na pesa inasaidia karo na mahitaji ya watoto. Kundi hilo lina mfuko wake, mbali na kamati ya mradi wa hewa ukaa. Nafurahi kwamba halikumezwa. Kijiji chenye kikundi kimoja tu kinachoshika pesa zote ni kijiji ambacho mwenyekiti mmoja akiharibika kila kitu kimeharibika.

Mikoko Pamoja ilipata tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa mwaka 2017, na baadaye ndugu zetu wa Vanga, Jimbo na Kiwegu, huko mpakani, wakafuata njia hiyo kwa hekta 460. Nawapongeza kwa moyo wangu wote.

Hata hivyo sitawaficha linalonikosesha usingizi. Anayenunua hewa ya Gazi ananunua ili afidie moshi wake. Akishanunua, je, anapunguza moshi, au analala akijua mikoko ya Waafrika imemsafishia? Bahari inayopanda juu ni ileile inayopiga nyumba zetu. Mimi sisemi msiuze. Nasema mna haki ya kumuuliza mnunuzi ni nani na anafanya nini, na mna haki ya kumkataa. Kampuni yenye nia njema haitaudhika na swali hilo. Itakayoudhika imewapa jibu bila kutaka.

Sasa upande wa pili, ili msidhani kila hadithi ni ya Gazi. Kaskazini mwa nchi yetu yako maeneo makubwa ya malisho yaliyofanywa hifadhi za jamii, na juu yake ukawekwa mradi mkubwa wa kuuza kaboni ya udongo kwa kampuni za nje. Januari 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi huko Isiolo iliamua kwamba hifadhi mbili, Biliqo Bulesa na Cherab, zilianzishwa kinyume cha sheria, bila wananchi kushirikishwa inavyotakiwa. Waliokwenda mahakamani ni watu wa jamii zilezile zilizosemekana kufaidika. Tazameni lilivyo zito hilo. Wakati hukumu inatolewa, tani za kaboni zilikuwa zimeshahesabiwa, zimeshauzwa, magari yameshanunuliwa, ripoti zenye picha nzuri zimeshachapishwa, kisha jaji anauliza swali ambalo mzee yeyote wa nyumba kumi angeuliza siku ya kwanza: wenyewe walikubali lini? Anayeruka baraza ili aende haraka atarudishwa nyuma na mahakama akiwa ameshatumia fedha, na atakayeumia zaidi ni mfugaji, maana kampuni inaweza kuhamia nchi nyingine na mfugaji hawezi kuhamisha malisho.

Sheria ziko, msiziogope kwa kuwa zimeandikwa Kiingereza. Sheria ya mabadiliko ya tabianchi ilirekebishwa mwaka 2023, na sasa mradi wa kaboni kwenye ardhi ya umma au ya jamii lazima uwe na mkataba wa maendeleo ya jamii. Miradi ya ardhi inatakiwa ichangie jamii si chini ya asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia, na ile isiyo ya ardhi asilimia 25. Kanuni za Plan Vivo zinazotumika Gazi zinapita hapo, zinataka angalau asilimia 60 ya mauzo iwafikie wenyeji. Kwa hiyo mtu akija akawaambia asilimia 15 ni ukarimu, mjue hajui sheria au anadhani hamuijui. Na akisema 40, msishangilie bado. Ulizeni ni 40 ya nini. Ya mauzo yote, au ya kinachobaki baada ya gharama? Na gharama hizo nani anazipanga, za ofisi gani, za safari za nani? Nimesema juu ya mafuta na barafu. Mwenye chombo asiye mwaminifu haibi samaki. Anaongeza mafuta kwenye hesabu.

Kisha muda. Nimesomewa mikataba inayosema miaka 20, mingine 30. Miaka 30 maana yake mtoto anayenyonya leo atakuwa na watoto wake mwenyewe kabla mkataba haujaisha, naye hakuwepo barazani. Wekeni kipengele cha kukaa upya kila baada ya miaka michache, bei iangaliwe, mgao uangaliwe, anayetaka kutoka aoneshwe mlango. Ulizeni mkigombana mtashtakiana wapi, Kwale au mji wa ng'ambo ambao nauli yake hamna. Takeni mkataba kwa Kiswahili, usomwe wote, si muhtasari, na pale penye wazee wasioelewa Kiswahili cha vitabuni usemwe kwa Kidigo. Takeni wakili. Kampuni inaweza kulipa gharama yake, hilo ni jambo la kawaida, lakini wakili mmchague ninyi na awajibike kwenu. Na mkiambiwa tieni saini wiki hii kwa sababu mzungu anasafiri, mwambieni safari njema, akirudi atatukuta.

Sasa nigeukie ndani ya nyumba, maana hapo ndipo panaponiuma. Wanangu, katika miaka yangu yote nimeona vijiji vingi zaidi vikiharibiwa na kamati zao kuliko na kampuni. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Pesa ya kwanza ikifika, mwenyekiti anaanza kuwa na haraka. Vikao vinahamia mjini. Posho ya kikao inakuwa kubwa kuliko kazi ya kikao. Mweka hazina anaulizwa hesabu anajibu kwa hasira, na hasira hiyo watu wanaichukulia kuwa heshima. Miezi sita baadaye mmoja kaezeka mabati mapya, watu wananong'ona msikitini, hakuna anayesimama kuuliza kwa sababu ni shemeji yake, ni mjomba wake, ni mtu aliyemsaidia matanga. Huo ndio ukimya unaoua vijiji vyetu, na hakuna kampuni iliyotuletea.

Dawa yake si ngumu, inahitaji tu watu wasione haya. Pesa iingie benki, wala isipokewe kwenye simu ya mtu. Watia saini wawe watatu kutoka familia tatu. Kila robo ya mwaka karatasi moja ibandikwe dukani na kwenye ukuta wa skuli: zimeingia ngapi, kutoka kwa nani, zimetoka ngapi, zimeenda wapi, zimebaki ngapi. Iandikwe kwa herufi kubwa ili hata mtu kama mimi aione. Kampuni nayo ibandike yake: imeuza tani ngapi, au kilo ngapi za mwani, au vyumba vingapi vya wageni, na kwa bei gani. Karatasi mbili zikikaa ukutani sawia, mtoto wa darasa la sita anaweza kuzilinganisha. Zisipolingana, itaneni mapema, kabla tuhuma hazijawa ukweli vinywani mwa watu.

Na baraza liitwe wakati ambao kina mama wanaweza kuja. Mnajua wenyewe, asubuhi za bamvua maji yakitoka wakulima wa mwani wote wako baharini. Mkiita mkutano saa nne siku hizo, mtakuwa mmechagua wasihudhurie, hata kama hamkukusudia. Iteni alasiri. Waketishwe mbele, waulizwe kwanza, kwa kuwa mara nyingi mwanamume akishatoa kauli, mkewe hataipinga hadharani.

Kampuni nayo ina haki zake, na ningekuwa mwonevu nisingezitaja. Mkiahidi kulinda hekta, lindeni. Mti ukikatwa usiku na mlinzi analipwa, hiyo ni hesabu yenu, na mpimaji akija atakuta pengo na tani zitapungua. Mkiahidi pamba safi au mwani mkavu, msitie mchanga ndani ya gunia ili lizidi uzito. Mnunuzi aliyedanganywa mara moja hununua kwa bei ya chini miaka kumi, na anayelipa ni yule mkulima ambaye hakutia mchanga.

Neno langu la mwisho linahusu mwisho wenyewe. Hapa Kwale tulikuwa na mgodi wa titani. Shehena ya kwanza ilipakiwa melini mwaka 2014, na uchimbaji ukafungwa Desemba 2024, madini yalipokwisha pale. Miaka kumi na ushei, basi. Vijana walioajiriwa wakiwa na miaka 20 walirudi nyumbani wakiwa na 30, wana watoto skuli. Sheria ya madini ya 2016 inasema katika mrabaha, asilimia 70 ni ya serikali kuu, 20 ya kaunti, 10 ya jamii. Fungu hilo la jamii lapitia mikono mingi kabla ya kufika, nanyi mnajua jinsi mikono mingi inavyochelewesha. Lakini ipo mbegu iliyopandwa wakati mgodi ungali hai: ushirika wa wakulima wa pamba na viazi, PAVI, uliosaidiwa na mgodi na kampuni ya nguo ya Australia iliyotafuta pamba. Mgodi umefungwa, ushirika unabaki na wanachama wake. Hapo ndipo nataka mtazame. Msiulize kampuni itatupa nini ikiwa hapa. Ulizeni ni kitu gani kitakachokuwa kinasimama kwa miguu yake siku itakayoondoka, na kitaanza kujengwa mwaka gani. Kama jibu ni mwaka wa mwisho, hakuna kitu.

Nimesema mengi, na kifua changu hakinipi tena pumzi ya kusema zaidi. Kama kampuni imeshawaletea mkataba, msitie saini mwezi huu. Iandikieni barua, kwa adabu, muombe muda. Kisha chagueni watu wanne, wawili wanawake, mmoja awe kijana anayejua hesabu, mmoja awe mtu aliyepinga mradi tangu mwanzo, maana jicho lake litaona msiyotaka kuyaona. Nauli ichangwe na kijiji, isitolewe na kampuni. Waende Gazi, walale huko usiku mmoja au miwili, waende na Vanga wakipata nafasi. Waulize pesa zilichelewa mara ngapi, waliwahi kumwondoa nani kwenye kamati na kwa nini, wakata boriti wa zamani wanaishi kwa nini sasa, bei ikishuka wanafanyaje. Na wasianzie kwa mwenyekiti. Mwenyekiti ameshazoea wageni, ana majibu. Waanzie kwenye bomba la maji, wamsalimie mama anayejaza madumu, wamuulize kama anajua maji yale yamelipiwa na nini, na kama alikuwepo siku yalipoamuliwa. Jibu lake waliandike neno kwa neno, waje watusomee sote Ijumaa baada ya swala.